Hataza Nyingi kwenye Dawa Moja Si Hataza Maradufu

Naanza na jibu, maana swali lenyewe nimechoka kulisikia: je, hataza nyingi (hati za haki ya pekee ya uvumbuzi) kwenye dawa moja ni hataza maradufu, yaani uvumbuzi uleule kulindwa mara mbili? Kampuni kuwa na hataza tano, kumi au ishirini zinazogusa tiba moja ya CAR-T, yaani tiba ya saratani ambamo seli za kinga za mgonjwa hupewa kipokezi kipya cha kuitambua saratani, si hataza maradufu kwa idadi hiyo peke yake. Hata kidogo.

Safari hii limezuka kwenye kundi letu la WhatsApp la wanasheria, wafamasia na watu wa maabara wa Kigoma na Tabora. Kijana mmoja mfamasia, msomaji mzuri na mwenye nia njema, alibandika orodha ndefu ya namba za hataza za Marekani, kisha akaandika: “Dada, si unaona? Seli ni zilezile, kampuni ni ileile, hataza kibao. Hizi ni maradufu, hazina nguvu.” Wakampigia makofi. Mwanasheria mmoja akaongeza kwamba kesi ya Cellect ya Marekani, nitakayoirudia mwishoni, ilishamaliza ubishi. Nilimjibu kifupi, “Mdogo wangu, umesoma madai?”, yaani zile sentensi za mwisho za hataza zinazochora mpaka wa kinacholindwa. Alikuwa amesoma muhtasari na michoro.

Kazi yangu, ninayoifanyia hapa Mwanga, ni kuchambua madai ya hataza za bioteknolojia kwa ajili ya mawakili wa nje. Naletewa jozi za hataza au maombi, naweka dai mkabala na dai, naandika ni wapi mkaguzi wa ofisi ya hataza atashika na wapi hatashika. Kosa hili linaniuma kwa sababu wanaolirudia ni watu wanaotaka tiba hizi ziwafikie wagonjwa wetu. Ukiipinga hataza kwa hoja mbovu, unampa mwenye hataza ushindi wa bure, na hoja nzuri iliyokuwepo inazikwa pamoja na ile mbovu.

Mchikichi ni mmoja, lakini nyama ya tunda inatoa mawese na kokwa linatoa mafuta ya mise. Mwenye mtambo wa mawese na mwenye kinu cha mise hawajafanya kazi ileile mara mbili. Ndani ya tiba moja ya CAR-T kuna kipokezi chenyewe, kuna kirusi kinachobeba jeni, kuna namna ya kuzikuza seli maabara, namna ya kuzigandisha, dozi, dawa za kumwandaa mgonjwa kabla ya kumrudishia seli zake, na namna ya kudhibiti dhoruba ya sitokini, yaani kinga ya mwili kufura kupita kiasi, akishapewa. Kila kimoja kinaweza kuwa uvumbuzi unaojitegemea. Kinaweza pia kisiwe. Jibu liko ndani ya madai, haliko kwenye idadi ya vyeti.

Sheria yenyewe nitaipitia haraka. Marekani kuna aina mbili. Ya kwanza inatoka kwenye kifungu cha 101 cha sheria ya hataza: uvumbuzi uleule hupewa hataza moja, basi. Hapo kipimo ni kufanana kabisa, na dawa yake ni kufuta dai au kulibadilisha. Ya pili haimo kwenye maandishi ya sheria, imetengenezwa na majaji: dai la baadaye likiwa ni toleo la dhahiri tu (badiliko ambalo mtaalamu wa kawaida angelifikiria) la dai la mwanzo la mmiliki yuleyule, au lenye mvumbuzi wa pamoja, halisimami peke yake. Sababu ni mbili. Mmiliki asirefushe ukiritimba kwa kubadilisha nguo tu, na mtu mmoja asishitakiwe na wamiliki wawili kwa jambo lilelile. Hii ya pili ndiyo inayotupa kazi, na ndiyo naiita hataza maradufu katika maneno yote yanayofuata.

Sasa tufike panaponikera.

Kinacholinganishwa ni dai na dai. Si maelezo na maelezo. Hataza mbili zinaweza kuwa na kurasa mia zinazofanana neno kwa neno, michoro ileile, majedwali yaleyale, na zisiwe maradufu, kwa sababu madai yake yanashika vitu tofauti. Maombi yanayotokana na ombi moja mama kwa kawaida hubeba maelezo yaleyale. Ndivyo mfumo ulivyojengwa. Kwa hiyo mtu anayenionyesha kwamba “mchoro wa kwanza unafanana kabisa” hajanionyesha kitu.

Chukua mfano niliouunda mwenyewe, si wa kampuni yoyote. Hataza ya kwanza inadai: seli T (seli ya kinga) ya binadamu iliyobeba kipokezi chenye kipande cha kingamwili kinachoshika CD19, alama iliyo juu ya seli B, kipande cha kuchochea, na CD3 zeta, kipande kinachoiwasha seli. Ombi la pili la mmiliki yuleyule linadai: seli T ya namna hiyohiyo, ila kipande cha kuchochea ni kimoja mahususi, 4-1BB, na mfuatano wake wa amino asidi umetajwa. Kila ninayemwonyesha jozi hii anasema palepale, “La pili limo ndani ya la kwanza, kwa hiyo ni maradufu.” Hapana. Kuwa ndani ya dai pana ni kutawaliwa, na kutawaliwa si kurudiwa. Dai pana likitangulia, dai jembamba linaweza kusimama, mradi uteuzi wa 4-1BB usiwe dhahiri kwa mtaalamu akiangalia kilichodaiwa mwanzo pamoja na maarifa ya wakati huo. Geuza sasa mpangilio: jembamba la 4-1BB limetangulia, halafu mmiliki anarudi na dai pana la “kipande chochote cha kuchochea.” Hapo limeanguka, na halihitaji ubishi mrefu, kwa sababu mfano mmoja uliokwisha kudaiwa unalijaza dai pana. Jozi ileile, maneno yaleyale, na jibu linageuka kwa sababu ya lipi lilitangulia.

Watu wa huku watalielewa vizuri zaidi kwa upande wa ugonjwa. Limfoma ya Burkitt, ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowatibu Uganda na ambayo huandamana na ukanda wa malaria kama wetu, ni saratani ya seli B, na seli zake hubeba CD19. Mtu akidai kwanza “kutibu saratani ya seli B” kwa seli fulani, na baadaye akadai “kutibu limfoma ya Burkitt” kwa seli zilezile, swali si kama Burkitt ni saratani ya seli B. Hilo halina ubishi. Swali ni kama, ukiwa na dai la kwanza mkononi, kuitaja Burkitt kuliongeza kitu ambacho mtaalamu asingekitarajia. Kama hakuna dozi mpya, ratiba mpya wala kundi jipya la wagonjwa lenye sababu yake, mimi ningeandika kwamba halivuki. Akianza na Burkitt peke yake halafu akaja na saratani zote za seli B, hatuna haja ya kubishana.

Baada ya kusisitiza hivyo kwamba maelezo hayaguswi, sasa niseme pale yanapoguswa, maana hapa hata mawakili wazoefu huteleza. Maelezo ya hataza ya kwanza yanaweza kusomwa ili kujua maneno ya madai yake yana maana gani. Na yanaweza kusomwa kwa jambo jingine zito zaidi: kama hataza ya kwanza inadai kitu, na maelezo yake yanasema kitu hicho kinafaa kutibu ugonjwa fulani, mmiliki hawezi kurudi baadaye na hataza mpya ya kutibu ugonjwa huohuo kwa kitu hichohicho. Kesi ya Sun dhidi ya Eli Lilly, mwaka 2010, ilihusu gemsitabini, dawa ya saratani ambayo wafamasia wetu wanaijua. Hataza ya mwanzo ilidai kemikali yenyewe na matumizi yake dhidi ya virusi, lakini maelezo yalitaja pia kwamba inafaa dhidi ya saratani. Hataza ya baadaye ilidai matumizi dhidi ya saratani. Ikaanguka.

Peleka hoja hiyo kwenye CAR-T uone uzito wake. Hakuna anayeandika ombi la seli hizi bila kutaja kwamba zinatibu lukemia na limfoma. Asipotaja, hana matumizi ya kuonyesha. Kwa hiyo dai la seli likitoka kwanza, dai la njia ya kutibu kwa seli hizo limeshaning’inia. Kinachomwokoa mwombaji ni kifungu cha 121. Mkaguzi wa Marekani akitoa agizo la kutenganisha, yaani akisema chagua moja kati ya jeni, seli na njia ya kutibu, basi yaliyoachwa yakifunguliwa kwenye ombi la mgawanyo hayawezi kupigwa kwa hataza ya kwanza. Ofisi yenyewe ndiyo iliyotenganisha, haiwezi kukuadhibu kwa kutii. Lakini kinga hiyo ni nyembamba. Ombi liwe la mgawanyo kweli. Katika kesi ya Amgen dhidi ya Roche ya mwaka 2009, iliyohusu eritropoietini, ombi la mwendelezo, yaani lisilowasilishwa kama mgawanyo, halikupewa kinga hiyo. Na mpaka aliouchora mkaguzi usivukwe. Ukianza kuchanganya vipengele vya kundi moja na jingine kwa sababu soko limebadilika, kinga imekuponyoka.

Kwa hiyo yule kijana angeniletea historia ya agizo la kutenganisha, tungekuwa na mazungumzo ya maana. Namba za hataza peke yake hazisemi lolote.

Kuna jambo ambalo vitabu hulipitia juu juu, nami nalala nalo na kuamka nalo. Kwenye tiba za seli, hoja inayokuokoa na hataza maradufu ndiyo inayokuangamiza upande wa pili.

Mkaguzi anasema: dai lako la 4-1BB ni toleo la dhahiri la dai lako la CD28, kwa kuwa vyote ni vipande vya kuchochea vinavyojulikana. Unajibu kwa nguvu: sivyo, seli T hazitabiriki, ukibadilisha kipande kimoja seli zinaishi muda tofauti mwilini, zinachoka tofauti, zinaleta madhara tofauti. Na kisayansi una hoja. Kati ya tiba za CAR-T zilizoidhinishwa, Kymriah, Breyanzi, Abecma na Carvykti zinatumia 4-1BB. Yescarta na Tecartus zinatumia CD28. Kliniki zimeona tofauti ya mwendo wa seli hizo ndani ya wagonjwa. Mkaguzi anakubali, unapata hataza.

Miaka inapita, unashitaki mtu kwa hataza yako pana inayosema “kipande chochote cha kingamwili.” Wakili wake anafungua faili, anasoma maneno yako mwenyewe kwamba seli hizi hazitabiriki, anauliza: kama ukibadilisha kipande kimoja kila kitu kinabadilika, uliyashikaje mamilioni ya vipande ambavyo hukuwahi kuvitengeneza? Swali la namna hiyo ndilo lililoiangusha hataza ya kituo cha saratani cha Sloan Kettering, ambayo Juno alikuwa na leseni yake, katika kesi ya Juno dhidi ya Kite, mtengenezaji wa Yescarta. Baraza la wazee wa mahakama lilikuwa limempa Juno ushindi, na hukumu ikafika dola bilioni 1.2 kwa ajili ya Yescarta. Agosti 2021 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Shirikisho ikaifuta yote. Maelezo yalikuwa na mifano miwili tu ya vipande vya kingamwili, kimoja cha CD19 na kingine cha PSMA, alama ya saratani ya tezi dume, na mahakama ikasema miwili haiwakilishi bahari nzima iliyodaiwa. Mwaka 2022 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ikakataa kuisikiliza. Mwaka 2023 mahakama hiyohiyo ikaamua Amgen dhidi ya Sanofi, kuhusu kingamwili za PCSK9 za kushusha kolesteroli, kwa mwelekeo uleule: ukidai ufalme mzima, ufundishe kuufikia ufalme mzima.

Matokeo yake waombaji wanaandika madai membamba na mengi, kila kipande kwa mfuatano wake. Madai membamba mengi yanazaa maombi mengi. Maombi mengi ya mmiliki mmoja yanazaa mapingamizi ya hataza maradufu. Na majibu ya mapingamizi hayo yanarudi kuyamaliza madai mapana yaliyobaki. Sijaona njia safi ya kutoka hapo, na simwamini anayesema anayo. Ninachofanya ni kuandika majibu kwa kipande mahususi na ushahidi mahususi, nikiepuka sentensi ya jumla kwamba “teknolojia hii haitabiriki.” Inasaidia. Haiponyi.

Pana ugumu mwingine wa kweli: hakuna anayejua kwa uhakika “dhahiri” inaishia wapi kwa seli. Tazama Yescarta na Tecartus, zote za Kite. Kipokezi ni kilekile. Tofauti kubwa iko kwenye utengenezaji: Tecartus inaanza kwa kuzichuja seli T ili kuondoa seli za saratani zinazozunguka kwenye damu ya mgonjwa, kwa sababu limfoma ya seli za mantili na lukemia fulani huzijaza damu seli hizo. Sisemi lolote kuhusu hataza zao. Ninauliza tu kama swali la darasani: hatua hiyo ya kuchuja, ikidaiwa baada ya kipokezi kudaiwa, ni dhahiri? Mhandisi wa seli mmoja atakwambia ni jambo la kawaida maabara. Mwingine atakwambia bila hatua hiyo seli zinachoka kabla hazijakua, na hakuna aliyejua. Wote wawili wana akili timamu. Nikiandika maoni kwenye jozi ya namna hiyo huweka hoja za pande zote mbili, kwa sababu ningekuwa namdanganya wakili nikimpa moja.

Wengine kundini walitaka kujua kama kanuni hizi zinafika kwetu. Hazifiki. Tamko la kuachia muda na mahesabu ya Cellect, nitakayoyaeleza mbele, pamoja na kinga ya kifungu cha 121, yote ni ya Marekani. Ulaya wana kitu tofauti na chembamba zaidi: Bodi Kuu ya Rufani ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, katika uamuzi wa G 4/19 wa Juni 2021, ilisema ombi linaweza kukataliwa likidai jambo lilelile ambalo mwombaji huyohuyo ameshapewa hataza ya Ulaya. Jambo lilelile. Kuingiliana tu hakutoshi, na udhahiri haumo. Tena kule hairuhusiwi kudai njia ya kutibu mtu. Unadai seli kwa ajili ya kutumika kwenye tiba fulani. Kwa hiyo jozi inayokwama Washington inaweza kupita München bila mkaguzi kuuliza. Tanzania imo kwenye PCT, mkataba wa maombi ya hataza ya kimataifa, na kwenye ARIPO, shirika la hataza la kanda ya Afrika lenye makao Harare, na pia, kama nchi zenye maendeleo duni, ina nafuu ya TRIPS, mkataba wa Shirika la Biashara Duniani, ya kutolazimika kulinda hataza za dawa hadi mwanzoni mwa mwaka 2033. Mjadala wa nafuu hiyo unastahili muda wetu kuliko kunakili hukumu za Marekani na kuzibandika kwenye barua za Dar es Salaam.

Na kuhusu bei, ambayo ndiyo moyo wa jambo kwa wengi wetu: Kymriah iliingia sokoni Marekani mwaka 2017 kwa dola 475,000 kwa mgonjwa. Siamini kwamba hataza moja ikianguka bei hiyo itashuka kama inavyoshuka ya vidonge. Seli zinatolewa kwa mgonjwa mmoja, zinatengenezwa kwa ajili yake, zinarudishwa kwake. Kila mgonjwa ni shehena yake. India imeonyesha njia nyingine: NexCAR19, iliyotokana na IIT Bombay na Hospitali ya Tata Memorial, iliidhinishwa Oktoba 2023 kwa bei iliyoripotiwa kuwa kama sehemu moja ya kumi ya ile ya Marekani. Familia zetu zinazopewa rufaa ya India zinapaswa kulijua hilo. Walijenga kipokezi chao, maabara yao na mnyororo wao. Hawakusubiri mtu athibitishe kwamba hataza za mwingine ni maradufu.

Nirudi kwenye Cellect, maana mwanasheria wetu aliitaja kana kwamba ni panga linalokata kila kitu.

Muda wa hataza Marekani ni miaka 20 tangu ombi la awali kabisa katika mnyororo. Kwa hiyo ndugu wa ukoo mmoja, yaani hataza zilizotokana na ombi moja, wangeisha siku moja, isipokuwa ofisi inapochelewesha ombi na kulipa fidia ya siku. Fidia hiyo ndiyo inayowatawanya. Agosti 2023, katika kesi ya Cellect, ile Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Shirikisho ilisema kwamba katika kupima hataza maradufu, tarehe inayotazamwa ni ile yenye fidia ndani yake. Hataza za Cellect zilihusu kamera ndogo, si dawa. Samsung ndiyo iliyoomba zichunguzwe upya, na zikafutwa. Tena zilikuwa zimeshaisha muda, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kuwasilisha tamko la kuachia muda. Nyongeza ya aina nyingine, ile inayotolewa kwa sababu dawa ilisubiri kibali cha FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, na isiyozidi miaka 5, haihesabiwi hivyo. Novartis dhidi ya Ezra ililimaliza hilo mwaka 2018. Ukizichanganya nyongeza hizi mbili, uchambuzi wako wote umepinda, na naona zikichanganywa kila mara.

Kisha Agosti 2024 ikaja Allergan dhidi ya MSN, juu ya eluksadolini, dawa ya utumbo. Hataza iliyowasilishwa kwanza na kutolewa kwanza katika ukoo haiangushwi na mdogo wake aliyekuja baadaye na kuisha mapema, hata kama ya kwanza ina fidia ya siku inayoirefusha. Kwa hiyo Cellect haikumaliza ubishi wowote. Ilifungua mmoja, Allergan ikaufunga kwa kifunguamimba. Waliobaki katikati, yaani hataza ya tatu au ya nne ya ukoo, yenye fidia kidogo, iliyotolewa kabla ya wengine na baada ya wengine, hawana kanuni nyoofu. Na koo za CAR-T zimejaa hao wa katikati, kwa sababu ya yale madai membamba niliyoyasema.

Dawa inayotajwa na kila mtu ni tamko la kuachia muda: mmiliki anaachia siku zote zinazozidi za hataza ya kwanza, na pingamizi linaondoka. Si kukiri kwamba uvumbuzi ni dhahiri. Mahakama zilishasema hivyo tangu mwaka 1991. Lakini si karatasi ya bure kama wengi wanavyoichukulia. Tamko linaambatana na sharti kwamba hataza hizo mbili zitatumika mahakamani kwa muda tu zinapokuwa chini ya mmiliki mmoja. Tiba za seli huzaliwa vyuoni na hospitalini, kisha hupitia mikono mingi. Chuo Kikuu cha Pennsylvania na Novartis waliungana mwaka 2012. Tangu hapo makubaliano ya namna hiyo kati ya chuo na kampuni yamekuwa jambo la kawaida. Wenye mkataba rasmi wa utafiti wa pamoja wana nafasi yao, tangu sheria ya mwaka 2004, ya kuwasilisha tamko hata kama wamiliki ni tofauti, lakini nao wanafungwa na masharti ya kutozitumia hataza hizo kila mmoja kivyake.

Sasa fikiria chuo kinachouza hataza ya njia ya kukuza seli kwa kampuni changa na kubaki na ya kipokezi, bila mtu kufungua faili na kuona kwamba miaka sita nyuma wakili aliziunganisha kwa tamko. Siku ya kuuza ndiyo siku ambayo hataza iliyofungwa na tamko imepoteza meno. Cheti hakionyeshi hilo kwa mtu asiyejua pa kutazama. Alama ya nyota karibu na tarehe, mstari mmoja kuhusu muda, basi. Kwa anayechambua hataza hizi, awe anatetea au anapinga, faili la ofisi linasomwa lote, kuanzia agizo la kwanza la mkaguzi hadi uhamisho wa mwisho wa umiliki, na tamko linatafutwa kabla hataza haijaisha muda. Ikishaisha, hakuna wa kuliwasilisha.